Kuchemsha krofishi: viungo viingie kwenye nyama, siyo kwenye vidole tu (somo na maswali)

Habari zenu wadau. Msimu ndo huu na watu wananiuliza sana, nikaona bora niandike mara moja nisirudie rudie. Hapa Houston wikiendi za mwezi wa tatu mpaka wa tano ukikatiza mitaani harufu ni limau na pilipili tu, na kila mwaka naona Waswahili wenzangu wananunua gunia zima kwa hela nyingi alafu wanachemsha nusu saa nzima, nyama inatoka imeganda kwenye ganda, haina ladha, pilipili yote imebaki nje. Hela imeenda hivo.

Kwa ambao hawajawahi kukutana naye, krofishi ni kamba wa maji baridi, mwekundu, ana makucha mbele ila ni mdogo, nyama yenyewe iko mkiani. Kwao hasa ni Louisiana, huko wanafugwa kwenye mashamba yaleyale ya mpunga, mpunga ukishavunwa wanarudisha maji shambani na krofishi wanaishi humo kwenye mabua mpaka wavuliwe kwa mitego. Mji wa Breaux Bridge bunge la jimbo liliutangaza makao makuu ya krofishi duniani tangu 1959, kwa hiyo mjue mnaongea na watu wanaojivunia kitu chao, usiende kule ukaanza kuwafundisha.

Sasa ugomvi uko kwenye viungo viwekwe wapi. New Orleans wanaweka kwenye maji, wanazima moto, wanaloweka. Ukienda magharibi ya Louisiana, Lafayette na Lake Charles huko, wapo wengi wanaochemsha kwenye maji yasiyo na makeke sana, wakitoa wanamwaga kwenye boksi la barafu (lisilo na barafu, linatumika kutunza joto tu), wananyunyizia unga wa viungo juu, wanafunga kifuniko, wanatikisa, mvuke unamalizia kazi. Alafu kuna Wavietnamu wa hapa Houston, hawa walikuja pwani hii baada ya vita kuisha 1975, wengi wakaingia kwenye uvuvi wa kamba, baadaye watoto wao na ndugu zao wakafungua migahawa pale Bellaire, wao wakishachemsha wanamgaragaza krofishi kwenye siagi iliyoyeyushwa na vitunguu saumu vingi, wengine wanaongeza mchaichai na machungwa.

Mimi msimamo wangu ni kuloweka. Kunyunyizia kunakolea vidole na midomo, ile ladha unaipata wakati wa kumenya, nyama ya ndani inabaki vilevile. Siagi ni tamu sana sikatai, ila siagi juu ya nyama isiyo na chumvi ni kujidanganya. Kwa hiyo loweka kwanza, siagi weka baadae kama unataka.

Hatua ya 1: kununua. Nunua walio hai, wanaorusha makucha. Gunia huwa pauni 30 mpaka 40, sema kilo 14 mpaka 18, na ukikadiria pauni 3 kwa mtu mzima hujakosea, manake maganda ni mengi kuliko nyama. Mwezi wa kwanza bei iko juu na wenyewe wadogo, mwezi wa nne na wa tano ndo wameshiba, wa sita maganda yanakuwa magumu unaumia vidole. Kwaresima bei inapanda sababu Wakatoliki hawali nyama Ijumaa, Ijumaa Kuu ndo balaa kabisa. Ukifika nyumbani usiwazamishe kwenye beseni la maji ukaenda kulala, wanakosa hewa wanakufa. Waache kwenye gunia lao, lilowanishe, weka kivulini au kwenye boksi la barafu, barafu juu, tundu la chini wazi maji yatoke.

Hatua ya 2: kuosha. Maji safi, koroga taratibu, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Waliokufa toa. Ile habari ya kumwaga chumvi eti watapike uchafu iacheni, LSU, chuo kikuu cha jimbo kule Louisiana, wameshasema miaka mingi kwamba chumvi haisafishi tumbo la krofishi, kinachosafisha kweli ni kuwaweka kwenye maji safi bila kula siku moja au mbili, na hiyo ni kazi ya mfugaji siyo yako wewe na gunia lako nyuma ya nyumba.

Hatua ya 3: maji. Kwa gunia zima unahitaji sufuria ya kwoti 80, yaani kama lita 75, yenye kile kikapu cha chuma chenye matundu ndani, na jiko la gesi la nje. Maji yafike nusu tu, krofishi wakiingia yatapanda. Weka malimau yaliyokatwa nusu na kukamuliwa, vitunguu maji, vitunguu saumu vizima vizima bila kumenya, majani ya bay, alafu viungo vyenyewe. Hapa soma pakiti! Vile vifuko vya kampuni ya Zatarain's vyenye mbegu nzima nzima ndani (haradali, giligilani, pilipili, bay na kadhalika) havina chumvi, na yale maji ya viungo ya kichupa nayo ni hivohivo, ila ule unga wa pakiti kubwa una chumvi nyingi tayari. Mtu anaweka unga alafu anaongeza chumvi kilo nzima, mnakunywa maji usiku kucha. Mwingine anaweka kifuko peke yake bila chumvi, hamna ladha. Dawa ni kuonja maji kwa kijiko kabla krofishi hawajaingia: yawe na chumvi kama ya baharini na pilipili ikukohoze kidogo. Ukiona hapo yamekaa sawa kwa supu ujue bado hayajatosha, manake ladha inatakiwa ipite ganda.

Chemsha hayo maji dakika 10 au 15 viungo viachie. Viazi vidogo vinaingia hapa, vinataka muda, na soseji nazo.

Hatua ya 4: krofishi ndani. Washushe taratibu, funika, moto mkubwa. Subiri maji yachemke TENA, yakishaanza kutokota hesabu dakika 3, wakiwa wakubwa na maganda magumu 5, zima. Basi. Najua inaonekana kidogo lakini wanaendelea kuiva kwenye yale maji ya moto, na wakizidi nyama inashika ganda humenyi tena.

Hatua ya 5: kuloweka, ndo somo lenyewe. Moto umezima. Mwaga mahindi yaliyokatwa vipande, yatoke friza moja kwa moja yakiwa barafu, yanapooza maji. Wengine wanamwagia sufuria maji ya bomba kwa nje, sawa pia. Mnachotafuta ni joto lishuke, krofishi waache kuiva lakini waendelee kunywa. Utaona mwanzo wanaelea juu, kadiri wanavyonyonya maji wanazama chini. Baada ya dakika 10 toa mmoja, menya, onja. Haijakolea? Dakika 5 nyingine, onja tena. Kawaida inaishia dakika 20 mpaka 30. Huyu wa kuonja asiwe yule anayekunywa bia, weka mtu makini.

Hatua ya 6: inua kikapu, acha yachuruzike, mwaga mezani juu ya magazeti. Kuhusu kula: shika kichwa na mkia, zungusha, vuta, nyonya kichwa kama unaweza (yale mafuta ya njano ndo utamu), vua pete ya kwanza ya ganda, bana mkia kwa chini, nyama inatoka nzima.

Siagi kwa anayetaka: yeyusha siagi, kaanga saumu iliyopondwa moto mdogo isiungue, pilipili manga, limau, kijiko cha unga uleule wa viungo, wagaragaze humo kwenye bakuli kubwa. Siagi kidogo tu, siyo waogelee.

MASWALI

Mdau wa Dallas: Mkuu mimi naishi apatimenti, sina jiko la nje, nifanyeje? Naweza kuweka lile la gesi barazani?

Hapana kaka, barazani usithubutu, na ndani au gereji ndo kabisa, ile gesi ya kaboni monoksidi inaua na haina harufu. Nunua pauni 5 tu, sufuria kubwa ya kawaida, jiko la ndani, pika kwa mafungu. Kila kitu kilekile, maji lita 5 au 6. Fungua madirisha, mvuke wa pilipili utawakohoza majirani.

Mdau wa Lafayette: Acha dharau bwana mwalimu. Mimi nafanya kazi huku mwaka wa ngapi sijui, wenyeji wananyunyizia na hakuna anayelalamika. Ukifunga boksi vizuri mvuke unaingiza chumvi ndani.

Nakubali kidogo. Kama maji yao ya kuchemshia yana chumvi ya kutosha na boksi likafungwa dakika 10, inakolea vizuri tu, na faida yao nyingine ni kwamba sufuria inaachia haraka unaingiza gunia la pili, kwa shughuli ya watu mia huwezi kukaa unaloweka nusu saa kila awamu. Ninachopinga ni wale wanaochemsha maji matupu alafu wanategemea unga wa juu. Hapo hatutaelewana.

Dada wa Minneapolis: Sisi Waislamu soseji tunafanyaje? Na huyu krofishi mwenyewe anaruhusiwa?

Soseji ile ya andouille ni nguruwe, achana nayo, tafuta ya ng'ombe ya halali au weka uyoga mzima badala yake, uyoga unanyonya viungo kupita maelezo. Kuhusu mwenyewe madhehebu yanatofautiana dada, Wahanafi wengi hawali kitu cha majini kisichokuwa samaki, kwa hiyo uliza sheikh wako, mimi hapa ni mpishi tu.

Mdau wa Naivasha: Huyu mbona tunaye ziwani? Ni yuleyule?

Ni yuleyule kabisa wa Louisiana, aliletwa Ziwa Naivasha 1970 ili wavuvi wapate kitu kingine, akazaana, akamaliza majani ya chini ya maji vibaya sana. Hata Ziwa Bunyonyi kule Uganda wanapika wageni wanakula. Kwa hiyo pika hivihivi, viungo vya duka la kawaida vinatosha: chumvi, pilipili kichaa, mbegu za giligilani na haradali, bay, saumu, limau. Tangawizi ukitaka, mimi ningeweka. Ila wakiwa hai usiwapeleke kwenye bwawa au mto mwingine, tayari wameshaharibu vya kutosha.

Mdau wa Malmö: Huku Sweden wanawala mwezi wa nane, wa baridi kabisa, na hamna pilipili!

Hao wanachemsha na chumvi na maua ya bizari ile ya majani (dill), wengine wanatia bia na sukari kidogo, alafu wanawaacha wapoe ndani ya maji yaleyale mpaka kesho yake. Si unaona, hata wao wanaloweka. Mimi bila pilipili siwezi lakini kanuni ni ileile.

Mdau wa Houston: Mkia ukiwa umenyooka baada ya kupika si ndo alikuwa amekufa?

Wengi wanasema hivo ila siyo lazima, sufuria ikijaa sana mwingine anakosa nafasi ya kukunja mkia. Angalia nyama: ikiwa imevurugika kama uji tupa, ikiwa imekaza kula.

Mama wa Louisville: Watoto wangu hawawezi pilipili.

Viazi na mahindi usiwape kabisa, hivo ndo vinanyonya pilipili kuliko krofishi mwenyewe. Chemsha sufuria ndogo ya kwao kwanza na chumvi, limau na saumu. Na kama kuna mtoto anayevimba akila kamba wa kawaida, huyu pia asimguse.

Mdau wa Dallas (tena): Wakibaki je?

Menya siku hiyohiyo, weka nyama friji, kesho tia kwenye wali wa kukaanga dakika za mwisho. Usiwachemshe tena.