Umefiwa na Mwanao kwa Unga (Heroini): Namna ya Kuanza Kusema Mtaani

Subiri arobaini ipite. Mzazi anayepanda jukwaani wiki ya pili huishia kulia, watu wakamwonea huruma, na akishuka hakuna walichobaki nacho.

Muda huo kaa na waliobaki nyumbani: mzazi mwenzio, ndugu wa marehemu, mjane wake kama alioa. Jina litajwe au lisitajwe? Picha je? Maradhi mengine, kama VVU au homa ya ini, yaachwe kaburini isipokuwa wote mmeridhia. Mdogo wake akiyasikia kwa mara ya kwanza kwenye spika, ugomvi utaanzia sebuleni kwako.

Kisha chagua dai moja. "Vijana acheni unga" si dai, maana hakuna ofisi inayoweza kulijibu. Kwa Dar es Salaam, nauli ni dai zuri. Tiba ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, ilianza hospitali ya Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na dawa ni bure. Lakini kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku, mbele ya mhudumu. Kijana asiye na kazi anayeishi mbali hukwama kwenye daladala, akiruka siku kadhaa dozi yake inabidi ishushwe, na arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, ikimrudia anarudi maskani, wanakokutania watumiaji. Hapo una la kumwambia diwani.

Ushuhuda wenyewe uwe dakika saba, kwenye ukurasa mmoja: alivyokuwa kabla, dalili mlizoziona mkazidhania malaria (mafua, miayo, machozi, kuharisha, mifupa kuuma), mlichojaribu, na dai lako. Usieleze alivyochanganya wala bei ya kete; kwenye kundi lile kuna aliyeacha mwezi uliopita, na maneno hayo humwamshia hamu. Neno "teja" liache. Muuzaji usimtaje jukwaani, maana utajiletea hatari na kesi. Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na wewe usiache kulisema: hatari kubwa huja baada ya kijana kukaa bila unga. Akitoka gerezani au soba (nyumba ya kuachia dawa), mwili umeshasahau kipimo cha zamani. Akikirudia kilekile, pumzi inakata. Utamkuta anakoroma kwa mkwaruzo, midomo na kucha zimebadilika rangi, ukimtikisa haitiki. Maziwa na maji ya chumvi havisaidii, vinampalia. Pumzi ikisita, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie kinywani, moja kila sekunde tano. Akipumua mwenyewe, mgeuze ubavu. Wakati huohuo mwingine atafute gari. Hospitali wasifichwe kuwa ametumia unga, kwa sababu naloksoni, dawa inayorudisha pumzi, hutolewa kwa anayejulikana amezidisha. Familia huficha kwa aibu, na dakika zinapotea.

Anza na kikao cha wazazi kumi na tano, uani kwa mtu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akiwa na taarifa. Mwalike muuguzi wa kliniki au mwelimishaji rika aliyewahi kutumia. Maswali ya dozi wajibu wao. Mkutano wa hadhara unadai taarifa ya maandishi polisi si chini ya saa 48 kabla. Tarehe 26 Juni, siku ya kimataifa ya kupinga dawa za kulevya, ina wasikilizaji wengi ila pia ina hotuba nyingi, kwa hiyo omba nafasi ya mwanzo.

Ukimaliza kusema, watu watakufuata pembeni. Huyu kamfunga mwanawe mnyororo, yule kauziwa kabati. Uwe na daftari, jina la kliniki ya karibu na siku ya kupokea wapya. Usimchukue mtoto wa mtu ukamlaza kwako: arosto inahitaji wahudumu, na akifia kwako kesi ni yako.

Michango ikianza kuja, andikisheni kikundi halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii, mkiwa na katiba na muhtasari wa kikao, na akaunti iwe na watia saini wawili au zaidi. Pesa ikipitia simu ya mzazi mmoja, hata akiwa mwaminifu, mtaa utasema anakula kwa jina la marehemu. Na mgombea akikutaka kwenye jukwaa lake, mwombe kwanza aandike kwa barua atakachofanya kuhusu nauli.