Jinsi ya kukagua desktopu ya kazi nzito kabla hujalipa, isije ikakufungia njia ya kuapgredi

Kuna jambo linaniudhi kweli kweli kwenye hizi desktopu za kazi nzito na nimeona bora niliandike kama mwongozo kuliko kuendelea kulalamika. Kompyuta ya bei poa ya ofisini, ile ya kuchapia barua, unafungua skrubu mbili unatoa ubavu wa keisi unaongeza RAM unafunga, kazi inaendelea. Halafu mashine ya mtu anayerenda video za 8K au anayefanya 3D au anayefundisha modeli za AI, mashine aliyoilipia pesa ya kuumiza, ndo hiyo unaambiwa RAM imechomelewa, kadi ya grafiki haibadilishwi, ukitaka zaidi nunua nyingine. Ni sawa na kununua lori ambalo matairi yake hayafunguki. Yaani anayelipa zaidi ndo anafungiwa zaidi, na wengi wanakuja kujua baada ya mwaka au miwili wakati kazi imeshakua na mashine imegoma.

Kwahiyo kabla hata hujaangalia bei, jua kwanza kwenye kazi yako kitakachokuishia mapema ni nini, maana huwezi kudai kila kitu kibadilike. Chukua ile kompyuta unayoitumia sasa, fungua projekti yako nzito kuliko zote, iache ifanye kazi huku unaangalia. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc uende sehemu ya Performance, kwenye Mac fungua Activity Monitor uangalie grafu ya memori kama inabaki kijani au inaenda njano na nyekundu. Mtu wa muziki anayepakia maktaba kubwa za sauti za ala ataona RAM inajaa wakati prosesa imetulia. Mtu wa 3D na AI ataona memori ya kadi ya grafiki ndo inayoisha, RAM ya kawaida bado ipo tele. Mhariri wa video mara nyingi diski ndo inamchelewesha na inajaa kila mwezi. Hicho kinachoisha kwanza ndo lazima kiwe kinabadilika kwenye mashine mpya, vingine unaweza kusamehe.

Na hapo hapo kwenye Performance ukigusa Memory, Windows inakuambia sloti ngapi za RAM zimetumika kati ya ngapi, na aina ya umbo. Ikiandika DIMM ujue ni vijiti vya kuchomoa, ikiandika Row of chips ujue imechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Ukienda kukagua mashine iliyotumika hii ni sekunde kumi tu na inakuepusha na maneno ya muuzaji.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kuchomelewa, maana siyo kila mara ni uchoyo wa kampuni. Memori ya chipu ya M2 Ultra ya Apple inapitisha GB 800 kwa sekunde, wakati vijiti viwili vya RAM ya aina ya DDR5 ya spidi 5600 vinapitisha karibu GB 90. Chipu zikikaa karibu na prosesa, na njia zikiwa nyingi na fupi, ndo spidi hizo zinapatikana. Hata Framework, kampuni iliyojijengea jina kwa kompyuta zinazofunguka na kurekebishika, ilipotoa desktopu yake ya 2025 yenye prosesa ya AMD ya Ryzen AI Max ilibidi RAM iwe ya kuchomelewa, mpaka GB 128, ili wafike GB 256 kwa sekunde. Hilo nalikubali, kuna kitu nimepewa badala yake. Nisichokubali ni pale kitu kinapofungwa bila mimi kupata chochote, na hapo ndo pa kuwa makini.

Tukiwa bado kwenye RAM, mashine ikiwa na sloti usishangilie mapema. Kuna UDIMM za kompyuta za kawaida na kuna RDIMM za seva na mashine za kazi nzito, hazichanganyiki, mazabodi inakubali aina moja, na ukinunua vijiti vya aina isiyo yake mashine haiwaki. Soma kwenye maelezo ya modeli imeandikwa ipi. Halafu uliza RAM iliyokuja nayo imegawanywaje. GB 64 ikiwa ni vijiti vinne vya 16 kwenye mashine yenye sloti nne, ukitaka 128 unatupa vyote vinne, lakini ikiwa ni viwili vya 32 unaongeza viwili tu. Kwenye mazabodi za kawaida za DDR5 kuna tatizo jingine, ukijaza sloti zote nne spidi inashuka, kwahiyo huko nunua vijiti viwili vikubwa tangu mwanzo. Kwenye mashine kubwa zenye chaneli nane, yaani njia nane kati ya RAM na prosesa, ni kinyume, ukiweka viwili tu unaacha spidi nyingi mezani, huko ni kujaza nane na kuchagua ukubwa vizuri siku ya kununua.

Kadi ya grafiki ndo panapoumiza watu zaidi. Mfano ambao kila mtu wa kazi hizi anaukumbuka ni Mac Pro ya 2013, ile nyeusi ya silinda. Ndani ilikuwa na kadi mbili za AMD FirePro zenye umbo la kwake peke yake, zimezunguka chuma kimoja cha kupoozea, feni moja juu, na hakuna sloti ya PCIe, ile ya kuchomekea kadi za nyongeza, hata moja, wakati ile mnara wa 2012 iliyotangulia ilikuwa na sloti nne na nafasi nne za kuweka diski. Kazi za grafiki zikahamia kwenye kadi moja kubwa yenye joto jingi, silinda ikashindwa kufuata, na mwaka 2017 Apple wenyewe wakakiri mbele ya waandishi kwamba muundo ule wa kupooza uliwabana. Mwaka 2019 wakarudi na mnara, sloti nane za PCIe, sloti 12 za RAM, mpaka TB 1.5. Watu wakashangilia. Halafu 2023 keisi ile ile ikaja na M2 Ultra, memori mwisho GB 192 yaani moja ya nane ya ile ya mwanzo, na sloti za PCIe zipo unaziona kabisa kwa macho lakini kadi ya grafiki ukiweka haifanyi kazi. Kwahiyo kuona sloti siyo ushahidi, uliza sloti inakubali nini.

Upande wa PC za Windows na Linux njia ipo wazi zaidi, ila una vipimo vitatu vya kuchukua. Cha kwanza ni nafasi. RTX 4090 ya NVIDIA wenyewe ina urefu wa mm 304 na unene wa sloti tatu, na nyingi za kampuni nyingine ni ndefu zaidi, kwahiyo chukua rula upime kutoka kwenye bati la nyuma mpaka kitu cha kwanza kinachozuia mbele, iwe feni au kizimba cha diski. Pima na upana pia, kwa sababu waya wa umeme unatokea ubavuni na ukikunjwa sana karibu na plagi unalegea na unaweza kuungua.

Cha pili ni umeme, na hesabu yake ni rahisi. Sloti yenyewe inatoa wati 75, waya wa pini sita unatoa 75, wa pini nane unatoa 150. Mashine yenye waya mbili za pini nane ina wati 375 za kadi, na 4090 inataka 450, kwahiyo haitoshi hata kama pawa saplai imeandikwa wati 1000 kwa nje. Hesabu waya, usihesabu namba iliyobandikwa kwenye boksi. Cha tatu ni leni, yaani njia za data kati ya sloti na prosesa. Kuna sloti ndefu kwa nje lakini ndani leni nne tu ndo zimeunganishwa, ukichungulia unaona pini zimeishia robo ya njia. Prosesa za kawaida za AMD za AM5 (hiyo ni aina ya soketi, sehemu ya kuchomekea prosesa) zinabaki na leni 24 za kutumia, kadi moja inakula 16 na SSD zinagombania zilizobaki, wakati Threadripper PRO, prosesa ya AMD ya mashine za kazi nzito, ina 128. Kama mpango wako ni kuja kuweka kadi mbili au tatu, hapo ndo pesa ya Threadripper PRO au Xeon ya Intel inapokuwa na maana, vinginevyo hapana.

Sasa pawa saplai, na hiki ndo kinaniudhi kuliko vyote. Nimefungua mashine ya kampuni moja kubwa, keisi nzuri ya bati zito, kila kitu kinachomoka bila skrubu, mtu unaona kabisa hii imetengenezwa kwa ajili ya fundi. Nikataka kubadilisha pawa saplai ya wati chache niweke kubwa. Plagi ya mazabodi siyo ile ndefu ya pini 24 ya ATX, ule mpangilio wa kawaida wa PC, ambayo ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni ya pini chache iliyopangwa kivyao, feni ya mbele nayo ina plagi yake ya ajabu, na ukiiondoa mashine inakataa kuwaka mpaka ubonyeze kitufe cha kukubali onyo kila ukiwasha. Hakuna spidi iliyoongezeka wala joto lililopungua hapo, mteja hapati faida yoyote ila anabaki na duka moja tu la spea. Kwahiyo tafuta picha ya ndani ya modeli husika, zoom kwenye mazabodi, tafuta plagi ndefu ya safu mbili za pini 12 pembeni mwa RAM. Isipokuwepo, chukulia kwamba pawa saplai na mazabodi ni ndoa, na nunua ile ya wati nyingi zaidi siku hiyo hiyo ya kwanza hata kama kwa sasa huihitaji.

Prosesa nitapita haraka kwa sababu wachache wanabadilisha. Soketi ndo inaamua. AM4 ilibeba vizazi vingi vya Ryzen, lakini walionunua mazabodi za TRX40 kwa ajili ya Threadripper 3000 waliachwa na kizazi hicho kimoja tu. Na kama unanunua prosesa iliyotumika jihadhari na kitu kinaitwa PSB cha AMD. Kampuni ya mashine ikikiwasha, prosesa inafungwa moja kwa moja na mazabodi za kampuni hiyo, haifunguliwi tena. Threadripper PRO zilizotoka kwenye ThinkStation P620 ya Lenovo zimekutwa na kifungo hicho, unaiweka kwenye mazabodi nyingine inabaki kimya. Muulize anayeuza ilitoka kwenye mashine gani, akisita achana nayo.

Diski kwa kawaida ni rahisi, hesabu nafasi za M.2, zile sloti ndogo za SSD, zilizo wazi basi. Ila kwenye Mac Studio na Mac Pro utaona SSD imekaa kwenye sloti inayochomoka ukadhani utaweka NVMe yoyote, yaani SSD ya kawaida ya spidi, hapana, kile ni kipande cha kuhifadhia tu na kidhibiti chake kipo ndani ya chipu kuu, kinahitaji kipande cha aina yake na Mac nyingine ya kuirudishia mfumo kwa waya.

Haya yote unayapataje kabla ya kununua? Tafuta mwongozo wa ufundi wa modeli yako, ule wa mafundi siyo ule wa kurasa nne unaokuja kwenye boksi. Kampuni kubwa za mashine hizi zinauweka wazi. Angalia orodha ya sehemu zinazotolewa. RAM ikiwa na hatua zake za kuitoa ni nzuri, ikitajwa kama sehemu ya mazabodi imechomelewa. Kisha mwandikie muuzaji maswali yako na umtake ajibu kwa maandishi: sloti ngapi zimebaki wazi, waya za umeme za kadi ziko ngapi na za pini ngapi, pawa saplai ni ya ATX au ya kwao, na ukifungua mwenyewe waranti inabaki? Jibu la simu halina kazi siku ya ugomvi.

Na kama tayari unayo iliyofungwa, au kazi yako inakulazimisha kwenye Mac, panga pesa yako hivi: weka yote kwenye memori, usilipie diski kubwa ya kiwandani. Memori hutaiongeza milele, lakini diski unaiweka nje kwa Thunderbolt ya gigabiti 40, NVMe nzuri inakupa karibu GB 3 kwa sekunde, inatosha kuhariri video moja kwa moja humo. Kadi ya grafiki ya nje usiitegemee kwenye Mac za chipu za Apple kwa ajili ya kurenda. Badala yake tafuta PC ya pili ya kawaida yenye kadi kubwa, iunganishe kwa mtandao wa gigabiti 10, iwe inarenda usiku huku ile ya mezani unaendelea nayo.

Mashine ikishafika, usisubiri muda wa kurudisha upite. Siku hiyo hiyo fungua ubavu, piga picha lebo zote za RAM, pawa saplai na mazabodi, linganisha na majibu uliyoandikiwa. Azima kijiti cha RAM cha aina yake na kadi yoyote ya PCIe, viweke kwenye zile sloti ulizoambiwa ziko wazi, washa, iache ikague memori usiku kucha. Sloti mbovu au iliyofungwa kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya mazabodi) utaijua asubuhi, ukiwa bado na haki ya kuirudisha.