Kabla Hujaondoka Dirishani: Mambo ya Kuzingatia Unapochukua Dawa

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuchunguza jinsi dawa zinavyotumika katika vituo vya afya, na miongoni mwa vigezo vyake kimo kimoja kinachomhusu mgonjwa aliyekwisha kupokea dawa zake. Huyo husimamishwa na kuulizwa swali jepesi: dawa hizi utazitumiaje? Kigezo kingine katika mwongozo huohuo hupima muda ambao mtoa dawa hukaa na mgonjwa, na muda huo huhesabiwa kwa sekunde. Mimi huvisoma vigezo hivyo viwili kwa pamoja, kwa sababu sekunde chache haziwezi kubeba jina la dawa, kiasi, saa, chakula, idadi ya siku na tahadhari zake. Kutoa maelezo ni wajibu wa mtaalamu, na mgonjwa ana haki ya kuyadai. Hata hivyo, aliyejiandaa tangu nyumbani hufika dirishani akijua la kuuliza, na muda mfupi humfaa zaidi.

Maandalizi huanza kwa kukusanya dawa zote zilizomo ndani ya nyumba na kuzitia katika mfuko mmoja: za hospitali, za dukani, za kupaka, vitamini, na hata unga wa mitishamba ulioletwa na jirani. Mfuko huo uende nao kwa daktari na kwa mfamasia. Mama yangu aliwahi kumeza kwa wiki kadhaa vidonge viwili vya shinikizo la damu akiamini ni dawa mbili tofauti, kwa kuwa maboksi yalikuwa na rangi na majina mbalimbali, kumbe yote mawili yalikuwa amlodipini. Hakuwa mzembe, kwani alifuata maelekezo ya kila boksi kwa uaminifu. Hakuna aliyemweleza kwamba dawa huwa na jina lake halisi na jina la kibiashara, na kwamba jina halisi mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa. Hali ni hiyohiyo kwa parasetamoli, ambayo imo ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na anayemeza vidonge vya maumivu pamoja na dawa ya mafua anaweza kuvuka kiwango hicho na kuumiza ini lake bila kujua.

Andaa pia taarifa za mwili wako, nawe uzitaje kabla hujaulizwa. Mwanamke ataje ujauzito, hata kama ni kuchelewa kuona siku zake tu, na ataje kama ananyonyesha. Mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au presha aseme hivyo kabla ya kupokea dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Aliyewahi kuvimba au kutokwa na malengelenge baada ya kumeza dawa ya salfa au penisilini ataje jina la dawa hiyo, na asiishie kusema kwamba ana aleji. Wanaotumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini wana jambo lao la pekee, nalo ni kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Nimeona jambo hili likiachwa kwa sababu ya haya, hasa pale dirisha linapozungukwa na watu, na hapo ni halali kabisa kumwomba mtaalamu mzungumze pembeni.

Dawa zinapowekwa mbele yako, zitazame kabla ya kuzifunga. Soma jina, nguvu yake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vidonge vikikatwa kutoka katika karatasi yake, mara nyingi tarehe hubaki kwenye kipande kilichorudishwa kabatini, kwa hiyo omba uoneshwe kipande hicho na tarehe iandikwe juu ya bahasha yako. Katika maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na ambayo ndiyo yaliyo karibu na watu wengi wa vijijini Tanzania, mtoa dawa ana orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza. Akikuelekeza famasi au hospitalini, ameifanya kazi yake vizuri, wala hakuna haja ya kumbembeleza.

Jambo linalohitaji subira kuliko yote ni saa. Bahasha nyingi huandikwa 1x3, nalo huelezwa kwa haraka: "Mama, moja mara tatu." Mama huyo hukubali, akifika nyumbani humeza asubuhi, mchana na jioni kufuata milo yake, yaani saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku, kisha usiku mzima hupita bila dawa. Kwa baadhi ya antibayotiki pengo hilo ni refu mno, maana kiwango cha dawa katika damu hushuka na vijidudu hupata nafasi ya kuongezeka. Kwa dawa kama hizo, mara tatu kwa siku humaanisha kila baada ya saa 8, kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Hapa lugha yetu yenyewe hutuwekea mtego. Mtoa dawa akisema "kila saa nane", msikilizaji anaweza kuelewa kuwa dawa humezwa mara moja, saa nane mchana, kila siku. Na namba 8:00 ikiandikwa kwenye bahasha, mmoja ataisoma saa 8 mchana na mwingine saa 2 asubuhi. Kwa hiyo omba nyakati zenyewe ziandikwe kwa maneno, pamoja na asubuhi, mchana au usiku. Uliza pia la kufanya ukisahau dozi, kwa kuwa kwa dawa nyingi kumeza dozi mbili kwa pamoja ili kufidia ni kosa.

Dawa mseto ya malaria huonesha vizuri uzito wa jambo hili. Dozi yake ni sita kwa siku tatu: ya kwanza humezwa papo hapo, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge vinne kila mara, jumla 24. Ndani ya kidonge kimoja zimo dawa mbili, artemeta inayoua vimelea kwa kasi na kutoka mwilini mapema, na lumefantrini inayobaki muda mrefu zaidi kumalizia vilivyosalia. Homa ikishuka siku ya pili ni artemeta iliyofanya kazi, na anayeacha vidonge hapo huliacha tendo katikati. Lumefantrini huingia mwilini vizuri zaidi ikiwa tumboni kuna mafuta kidogo, hivyo uji wa karanga au chai ya maziwa si anasa kwa mgonjwa huyu. Akitapika ndani ya nusu saa dozi hurudiwa, naye arudi kituoni kuongezewa vidonge vilivyopungua.

Suala la chakula huulizwa kwa kila dawa, kwa maana kanuni hazifanani. Metformini, dawa ya kisukari, humezwa pamoja na chakula ili isisumbue tumbo, antibayotiki iitwayo doksisaiklini haimezwi na maziwa, vidonge vya madini ya chuma anavyopewa mjamzito kliniki visishushwe kwa chai, na anayetumia antibayotiki iitwayo metronidazoli huambiwa ajiepushe na pombe.

Kwa dawa za watoto, anza na uzito. Umri hukadiriwa tu, ilhali mizani husema kweli, kwa hiyo mtoto apimwe. Kisha chukua kijiko au kikombe cha kupimia dawa, kwa sababu vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, na kile kinachokusudiwa ni cha mililita 5 kamili. Parasetamoli ya maji inapatikana yenye miligramu 120 katika mililita 5, na ipo pia yenye miligramu 250, kwa hiyo "kijiko kimoja" cha chupa mpya kinaweza kuwa mara mbili ya kile cha chupa ya zamani. Antibayotiki ya unga huchanganywa na maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kwenye alama ya chupa, hutikiswa kila inapotolewa, na ikishachanganywa haikai zaidi ya siku zilizoandikwa. Kwa mtoto anayeharisha, pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi, na mchanganyiko huo hutumika ndani ya saa 24. Zinki huendelea mpaka siku zake ziishe, hata kuhara kukikoma mapema.

Wenye magonjwa ya kudumu wanahitaji swali moja la ziada: dawa hii itanifanyaje? Anayetumia dawa ya presha iitwayo enalaprili akipata kikohozi kikavu kisichoisha huishia kununua dawa ya kifua, na hiyo haitamsaidia, kwa kuwa kikohozi hicho kinaweza kuwa kimeletwa na enalaprili yenyewe. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, jambo lisilo na madhara lakini linalowatisha wasioambiwa. Aliyetahadharishwa mapema hurudi kuuliza, na asiyeambiwa huacha dawa kimyakimya. Zaidi ya hayo, kipimo cha presha kikisoma vizuri maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi, kwa hiyo kuiacha hapo ni kuirudisha presha ilikokuwa. Hesabu vidonge vyako na ukachukue vingine siku kadhaa kabla havijaisha, hasa unapokaribia safari.

Waislamu wanaotumia dawa mara tatu kwa siku wamwone daktari wiki chache kabla ya Ramadhani, kwa kuwa dozi tatu zenye nafasi ya saa 8 haziingii kati ya futari na daku. Pengine ipo dawa ya kumeza mara moja au mbili. Kuhamisha saa kwa kukisia, hasa kwa mwenye kisukari, ni hatari kubwa.

Kuhusu kuhifadhi, maneno ni machache: pasiwe na jua, joto wala unyevu, na watoto wasifikie. Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, wala isiguse barafu, maana ikiganda haifai tena.

Mwisho kabisa, kabla ya kutoa mguu dirishani, rudia maelezo yote kwa maneno yako na umwombe mtoa dawa akusahihishe. Mara nyingi anayechukua dawa siye atakayezimeza: ni kijana aliyetumwa na bibi yake, au binti anayemuuguza baba. Huyo achukue simu, arekodi maelezo kwa idhini ya mtoa dawa, na aandike juu ya kila boksi kwa herufi kubwa kazi yake na nyakati zake, kwa maneno yanayotumika nyumbani kwao. Akifika, asikabidhi mfuko tu. Amketishe bibi, azitoe dawa moja moja na kumsomea, kisha amwombe na yeye arudie: "Bibi, hebu nieleze, hii ya presha utaimeza saa ngapi?"