Namna ya kuchora nguzo za Isimila kwa mtindo wa magofu ya Claude Lorrain

Claude Lorrain, mchoraji Mfaransa aliyeishi Roma hadi kufariki mwaka 1682, alitoka nje kuchora kwa kalamu na wino, kisha akarudi ndani kutunga picha ya rangi. Gofu la Kirumi aliweza kulihamisha na kuliweka lisipokuwapo. Fanyeni vivyo hivyo Isimila, korongo lenye nguzo za asili nje kidogo ya Iringa. Shuka korongoni uchore nguzo kwa penseli. Panda juu uchore umbali, yaani mandhari ya mbali, peke yake, maana ukiwa chini huuoni. Kuunganisha ni kazi ya mezani.

Chukua karatasi ya rangi ya maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, sentimeta 30 kwa 40, uilaze kwa upana. Mstari wa upeo uwe sentimeta 10 kutoka chini. Mbele, upande mmoja, weka mti uliokoza unaokaribia ukingo wa juu. Huo ndio unaosukuma vingine vyote nyuma. Nguzo zisizidi sentimeta 10, na mchungaji aliye karibu nazo awe sentimeta 1 na nusu. Wengi huzijaza karatasi nzima, na picha inakosa kina.

Anza na anga, ikiwa na mwanga mkali karibu na upeo. Claude alithubutu kuliweka jua lenyewe humo. Kwa rangi ya maji, acha karatasi ibaki nyeupe mahali pake. Kisha milima ya mbali kwa rangi nyepesi, halafu nguzo, mwisho ule mti. Safu moja ikauke kabla ya inayofuata. Pepo za Agosti hukausha rangi ungali unaisambaza, kwa hiyo lowesha karatasi mara mbili kabla ya anga.

Kivuli kisitokane na rangi nyeusi, hufa. Changanya buluu ya ultramarini na sienna iliyoungua, rangi ya kahawia yenye wekundu. Penye jua tumia okra, rangi ya njano ya udongo.

Sasa nguzo zenyewe. Hazikujengwa, zimechongwa na maji ya mvua, basi usizichoree mistari ya matofali. Zina mifereji ya wima inayokatwa na matabaka ya ulalo. Mifereji ionekane pale tu mwanga unapokutana na kivuli. Ukiijaza kila mahali, nguzo inakuwa kama gunzi la mahindi. Kitako nacho kisikatwe kwa mstari mnyoofu, nguzo itaelea. Kizamishe kwenye mchanga uliomomonyoka na majani makavu.

Tahadhari moja: umbali wa Claude mara nyingi ni wa kibuluu. Iringa ya Oktoba, yenye vumbi na moshi wa mashamba, ina upeo wa kijivu chenye wekundu. Tone la sienna kwenye buluu linatosha.