Kufunga Siku Moja: Namna ya Kuufanya Mfungo Uwe Dhabihu

Katika Warumi 12:1 Paulo anatusihi tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, takatifu. Mfungo ni njia mojawapo ya kulitenda neno hilo, ila ukikosa sala na sadaka, mtu ameshinda njaa tu.

Anayeanza aache chakula tangu alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, huku akinywa maji. Mfungo mkavu, yaani bila chakula wala maji, kama ule wa Esta katika Biblia, usiwe wa kwanza, hasa kwenye joto. Wakatoliki wana kipimo chao kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo ikijumlishwa haifikii mlo mmoja kamili. Sheria hiyo inamhusu aliyetimiza miaka 18 hadi anapofikisha 59.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo na mwenye kisukari anayetumia dawa wasifunge chakula bila kumwona daktari. Kwa mwenye kisukari, sukari inaweza kushuka ghafla. Wala usiache dawa kwa jina la imani. Badala ya chakula chote, jinyime nyama, televisheni au simu. Hata hiyo ni dhabihu.

Siku tatu kabla, punguza chai na kahawa kidogo kidogo. Kichwa kinachogonga ifikapo adhuhuri wengi hudhani ni vita vya kiroho, kumbe mara nyingi ni mwili unaodai kahawa. Usiku wa kuamkia mfungo usijishindilie, na epuka vyakula vya chumvi nyingi.

Asubuhi, kabla ya kutoka, fanya mambo mawili. Kwanza, andika nia moja ya sala. Nia kumi hutawanya moyo. Pili, hesabu pesa ya chai, chapati na chakula cha mchana, uiweke kwenye bahasha. Ukingoja jioni utakuta imeishia kwenye nauli na vocha. Bahasha hiyo imfikie mwenye njaa siku hiyohiyo, maana Isaya 58:7 anataka mkate wako umegwe.

Saa ya chakula cha mchana ndiyo saa ya sala. Tafuta pa kukaa nusu saa: soma Zaburi ya 51 polepole, nyamaza, kisha iombee ile nia yako.

Mfungo huharibikia zaidi mdomoni. Njaa huleta hasira, na Isaya 58 anawakemea waliofunga huku wakigombana na kuwaonea watumishi wao. Kama una deni la mshahara wa dada wa kazi, ulipe kabla ya kufunga. Uliyenuniana naye, mtafute. Kama Yesu alivyofundisha katika Mathayo 6, nawa uso, paka mafuta, usitangaze kwenye kundi la WhatsApp.

Ukitetemeka, ukatokwa jasho baridi au ukaona kizunguzungu, kunywa kitu chenye sukari na ufungue hapohapo.

Jioni fungua kwa maji na ndizi moja, halafu kikombe cha uji mwepesi. Ngoja nusu saa ndipo ule wali au ugali kidogo na mboga. Ukianza na chipsi au nyama ya kukaanga, tumbo litajaa gesi na kusokota usiku kucha. Anayetaka kufunga siku kadhaa mfululizo apate kwanza ushauri wa daktari, kwa sababu kurudia chakula kwa pupa baada ya mfungo mrefu kunaweza kuvuruga madini ya damu na kuhatarisha moyo.