Mfuatano mvivu: chelewesha seli nzima, sio mkia tu

Ukiwa unatengeneza mfuatano mvivu, yaani ule unaokokotoa vitu vyake pale tu vinapoombwa, amua kwanza unachelewesha nini. Mfuatano umeundwa kwa seli, na kila seli ina kichwa (kitu cha kwanza) na mkia (mfuatano wa vitu vinavyobaki). Wengi wanachelewesha mkia tu alafu kichwa wanakikokotoa palepale, na matatizo mengi yanaanzia hapo. Lugha ya programu ya Haskell haikusumbui na hili manake kila kitu kwake kinasubiri kihitajike, ila kwenye lugha kama OCaml, Scala au Clojure lazima uchelewesheji uuweke mwenyewe.

Chukua namba zote kuanzia 1 bila mwisho, zichuje ubakize zilizo chini ya sifuri. Hakuna hata moja, sasa kama ulichelewesha mkia tu programu inaganda hapohapo unapoita kichujio, wakati hakuna aliyeomba kitu, sababu inahangaika kutafuta kichwa ambacho hakipo. Kwa hiyo funga seli nzima ndani ya fankshoni, hata jibu la kama mfuatano ni mtupu au la. Scala ilikuwa na aina ya mfuatano inayoitwa Stream iliyokokotoa kichwa mapema, na toleo la 2.13 la mwaka 2019 likaleta LazyList ambayo kichwa na mkia vyote vinasubiri, na kwa kweli ndo inavyotakiwa.

Baada ya hapo amua kama seli itakumbuka jibu. Seq, yaani mfuatano mvivu wa OCaml, haikumbuki, ni nyepesi sana lakini ukiipitia mara mbili kazi nayo inafanyika mara mbili. Ukitaka ikumbuke, hifadhi jibu la mara ya kwanza alafu ifute ile fankshoni, tafadhali usiache hili, la sivyo itaendelea kushikilia data zote ilizofungiwa na memori haitaachiwa. Clojure inaifuta. Na anayetumia asishike kichwa cha mfuatano mrefu kwenye variabo huku anaupitia, seli zote zitabaki kwenye memori.

Kuna pia kukokotoa kwa mafungu, mfano map ya Clojure (fankshoni inayobadilisha kila kitu kimoja kimoja) juu ya vekta (orodha yenye namba za nafasi) inachukua vitu 32 kwa mpigo. Spidi inapanda, ila ukiomba kimoja tu vingine 31 navyo vinakokotolewa, kwa hiyo kama kila kimoja kinatuma ombi mtandaoni usitumie mafungu.

Faili nazo ziangalie sana: ukirudisha mistari kivivu alafu ukafunga faili kabla haijasomwa utapata kosa mbali kabisa na ulipolifanya, basi isome yote kwanza, au kazi yote ifanyike faili likiwa bado wazi.