Kutembelea Kilwa, Lindi na Mtwara Ukiwa Bado Unauguza Goti: Mwongozo kwa Walio Ughaibuni

Anayeishi Ulaya au Marekani akifanyiwa upasuaji wa goti huweza, baada ya muda wa kupona, kuwapeleka watoto wake kwenye bustani kubwa ya michezo na mabembea bila hofu kubwa, kwa kuwa langoni hukodishwa viti vya magurudumu, njia zimesakafiwa, na penye ngazi aghalabu pana mteremko wa kando. Akija likizo Mtwara au Lindi hatavikuta vitu hivyo, lakini si sababu ya kuahirisha safari. Katika ukanda wetu wa kusini umbali wa kutembea mara nyingi si mkubwa. Kinachomshinda mgonjwa wa goti ni mahali pa kupanda na kushuka: ngazi za ndege, mlango wa basi, ukingo wa mashua, mkeka wa msibani na choo cha kuchuchumaa. Atakayevipangia vituo hivyo mapema ataona mengi, na asiyevipangia atakaa kibarazani likizo nzima akisimuliwa na wenzake walikotoka.

Jambo la kwanza ni wakati. Aliyebadilishiwa goti zima hayuko sawa na aliyesafishwa gegedu kwa kamera kupitia matundu madogo, na aliyeunganishwa kano ana masharti yake mengine kabisa. Kwa hiyo ruhusa ya kusafiri itoke kwa daktari aliyekupasua, si kwa jirani aliyewahi kupasuliwa. Kwa goti lililobadilishwa, madaktari wengi huzuia safari ndefu za ndege katika wiki sita za mwanzo, na baadhi yao husogeza hadi miezi mitatu, kwa sababu ya hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Uvimbe unaweza kuendelea kwa miezi kadhaa, na kupona kikamilifu kunaweza kuchukua hadi mwaka. Atakayekuja mwezi wa tatu apange safari ya mwezi wa tatu, asijilinganishe na yule aliyekuja baada ya mwaka na kucheza ngoma hadi usiku wa manane.

Ndani ya ndege, omba kiti cha kando ya njia, upande utakaouruhusu mguu uliopasuliwa kunyooka. Kiti cha kwenye mlango wa dharura usikitegemee, kwani hakipewi mtu asiyeweza kutembea kwa wepesi. Chezesha vifundo vya miguu mara kwa mara, simama na utembee kidogo kila saa ukiweza, kunywa maji ya kutosha, na uvae soksi za kubana ikiwa daktari amekuelekeza. Huduma ya kiti cha magurudumu iombwe kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya safari, na iombwe kwa kila kipande cha safari, kukiwemo kile cha kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara, ambako ndege hupandwa na kushukwa kwa ngazi. Kanuni ya ngazi ni moja popote duniani: wakati wa kupanda hutangulia mguu mzima, wakati wa kushuka hutangulia mguu mgonjwa pamoja na fimbo. Goti la chuma huweza kuliza mashine ya ukaguzi. Mwambie mkaguzi mapema, kwa maana kadi ya hospitali husaidia kueleza lakini haikuondolei kupekuliwa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300, na hadi Mtwara mjini zinafika kama 560. Kwa goti bichi, ndege ya Mtwara ya muda wa saa moja hivi ni bora kuliko basi la kutwa nzima, hata kama nauli yake inauma. Wanaolazimika kupita barabarani waepuke masika, yaani Machi hadi Mei. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo maeneo ya Somanga na abiria wakakwama njiani, na kukwama ndani ya basi lililojaa huku goti limekunjwa ni adha isiyofaa kujaribiwa. Afadhali gari dogo la kukodi, ukae kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma kabisa, na dereva aelezwe tangu mwanzo kwamba mtasimama kila baada ya saa moja ili utembee. Makubaliano hayo yafanywe kabla ya kupatana bei.

Wataalamu wa fiziotherapia wa huko mliko huwafundisha wagonjwa kuweka mfuko wa plastiki juu ya kiti cha gari ili wageuke kwa kuteleza bila kupinda goti. Ushauri wenyewe ni mzuri, ila Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019, na mgeni hatakiwi kuingia nayo. Kipande cha satini kinafanya kazi ileile. Kaa kwanza kwa makalio, mgongo ukiuelekea upande wa dereva, kisha ingiza miguu yote miwili kwa pamoja. Bajaji nayo huingiwa hivyohivyo, makalio yakitangulia. Bodaboda isahau mpaka goti likunjike na kunyooka bila shida, na hata hapo ufikirie mara mbili.

Sasa Kilwa, ambako ndiko kunakotakiwa mipango zaidi kuliko kwingine. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa pamoja na ya Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yako ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari kutoka Masoko. Kuvuka ni kwa mashua au boti ya injini, na habari yote iko kwenye maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa katika pwani hii hupita mita tatu. Chombo kikifika maji yamekupwa, huishia mbali na abiria huteremka kwenye tope na mawe yenye utelezi, penye chaza wakali. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kwa hiyo mgonjwa wa goti avuke saa moja na nusu kabla ya maji kujaa kabisa, na awe amerudi chomboni saa moja na nusu baada ya kujaa huko. Anapata saa tatu kamili, nazo zinamtosha. Nahodha akikwambia, "Mzee, maji yameanza kutoka, twende," usimwombe dakika kumi za picha.

Uliza pia, kabla hujalipa, chombo kitakupakia wapi na kitakuteremsha wapi. Kwa upande wa Masoko omba upakiwe gatini. Unapoingia mashuani usiukiuke ukingo kwa mguu mmoja. Kalia ukingo, shika mlingoti au bega la baharia, kisha zungusha miguu ndani mmoja baada ya mwingine. Mabaharia wetu ni wakarimu na wepesi wa kumpakata abiria na kumvusha maji mgongoni. Kataa kwa adabu, kwa sababu anayekubeba hivyo hukaza mikono nyuma ya goti, palepale pasipotakiwa kushikwa. Watu wawili wakushike makwapani, nawe utembee. Kama kidonda hakijafunga sawasawa, usiguse maji ya bahari hata kidogo, kwani yana vijidudu vinavyoweza kupenya kwenye kidonda. Vaa jaketi okozi hata kama wenyeji wote hawajavaa.

Kisiwani yenyewe, jiwekee mpaka. Gereza, ile ngome iliyo ufukweni, Msikiti Mkuu wenye nguzo na kuba zake, na kasri la Makutani viko jirani kiasi cha kuvimaliza kwa mwendo wa polepole na mapumziko. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye bwawa la pembe nane, liko upande mwingine juu ya genge la bahari, zaidi ya kilomita moja kwa njia ya miguu. Ndilo la kuvutia kuliko yote, na ndilo la kuliacha ikiwa bado unatumia magongo. Songo Mnara nayo ingoje safari nyingine, maana huko kuna bahari ndefu zaidi na matope ya mikoko. Kibali na ada vishughulikiwe Masoko kabla ya kuvuka. Mweleze mtembezaji hali yako akupangie njia fupi. Wengi wamezoea kuwazungusha wageni wenye miguu mizima na wataanza mbio wasipoambiwa. Beba mipira ya akiba ya ncha za magongo, kwa sababu mawe ya matumbawe huila upesi, na mpira uliolika juu ya jiwe lenye ukungu hauna tofauti na sabuni.

Lindi mjini pana ufukwe wa kukaa na kutazama bandari, na hapo hapahitaji maelezo mengi. Tendaguru, kilima kilichochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, kinafikiwa kwa njia mbovu za porini, na mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) aliyefukuliwa hapo haipo tena: imesimamishwa Berlin, kimo chake mita 13.27, ndani ya jumba la makumbusho lenye sakafu laini. Mtu wa Lindi mwenye goti bovu anayeishi Ujerumani atamwona mjusi wa kwao kwa urahisi zaidi kulekule aliko kuliko nyumbani, jambo ambalo linakera lakini ndivyo lilivyo.

Mikindani, kama kilomita kumi kutoka Mtwara mjini, ni rafiki zaidi. Nyumba za kale na milango ya nakshi ziko karibu na barabara, gari hufika jirani, na ni penye mwinuko wa kwenda Boma la Wajerumani tu ndipo pa kupima nguvu. Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, ina mchanga mzuri kupita kiasi, na mchanga laini ndio adui wa goti, kwa kuwa mguu huzama na kujipinda bila taarifa. Tembea kwenye mchanga mgumu uliolowa, nyakati za asubuhi kabla jua halijawa kali, kwani joto huongeza uvimbe. Ukirudi, pandisha mguu juu ya mto na uweke barafu iliyofungwa ndani ya kanga kwa dakika 15 hadi 20. Barafu za mifuko midogo zinauzwa karibu kila mtaa wenye umeme, kwa hiyo mtu asikuuzie dawa ya miujiza badala yake.

Yanayobaki ni ya nyumbani, nayo ndiyo huharibu likizo nyingi. Piga simu mapema, umwombe ndugu aandae kiti kigumu chenye mikono na kitanda kisicho chini sana. Kiti cha plastiki hakifai: miguu yake hupanuka pale unapojiegemeza ili uinuke. Kwa choo cha shimo, fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza kigoda imara chenye tundu, kikae juu kidogo kuliko goti lako, na ukutani akapigilia upande wa mbao wa kushikilia. Akitengeneze kabla hujafika, maana fundi naye ana ahadi zake. Msibani na kwenye hitima, omba kiti bila kuona haya. Wazee wataelewa ukiwaamkia kwanza kisha ukawaeleza. Anayeswali aswali ameketi kitini, jambo ambalo dini imeliruhusu kwa mgonjwa.

Panahitajika ujasiri zaidi kwa bibi na shangazi, ambao kwa mapenzi tu watataka kulikanda goti kwa maji ya moto na kulichua kwa mafuta. Mwambie, "Bibi, shikamoo, daktari amenikataza kuchuliwa mpaka atakaponiruhusu," na ushikilie hapohapo. Maji ya moto huongeza uvimbe wa goti bichi, na kulichua shavu la mguu lenye damu iliyoganda kunaweza kuling'oa bonge likaenda mapafuni. Shavu la mguu likivimba, likiuma na kupata joto upande mmoja, au pumzi ikikata ghafla na kifua kikauma, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Homa nayo ina mtego wake kwetu. Mtu akipata joto husema malaria, hununua dawa dukani na kulala. Aliyepasuliwa goti apimwe malaria, na papo hapo goti likaguliwe, kwani homa pamoja na goti jekundu au kidonda kinachotoa maji inaweza kuwa uambukizo wa kiungo, ambao dawa ya malaria haiugusi. Usikubali sindano ndani ya goti bandia katika zahanati ya njiani. Mtwara mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini na ile ya Ligula, Lindi kuna Sokoine, na upande wa Masasi kuna hospitali ya misheni ya Ndanda. Tembea na barua ya daktari inayotaja aina ya upasuaji, tarehe yake na dawa zote. Dawa kali za maumivu ziwe kwenye vifungashio vyake halisi pamoja na cheti. Kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, mtaje jina lake kila anayetaka kukuandikia dawa nyingine, na usijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni dukani, kwa kuwa zikichanganywa nayo zinaweza kukutoa damu tumboni.

Bima ya safari ikaguliwe kama inamlipia mtu aliyepasuliwa karibuni, maana nyingi humtenga asipotoa taarifa. Na tiketi ya kurudi iache nafasi ya kulala usiku mmoja Dar es Salaam kati ya ndege ya Mtwara na ile ya ng'ambo, ili mguu upumzike ukiwa juu ya mto kabla ya kukunjwa tena kwa saa nyingi.